Picha na Maneno Yake: Juu ya Kuchagua Programu ya Kutunzia Picha za Mafunzo

Miongoni mwa zana zinazopatikana katika vyuo vyetu vya ualimu siku hizi, picha zinazopigwa kwa kamera za kidijitali zina nafasi ya pekee. Picha huweza kuonyesha jinsi darasa lilivyopangwa, jinsi ubao ulivyotumiwa, na jinsi mwanachuo alivyotengeneza kifaa cha kuhesabia kwa vizibo na mabua. Huonyesha hayo yote baada ya darasa kutawanyika, ubao kufutwa na kifaa chenyewe kuvunjika. Hata hivyo, wingi wa picha si utajiri wa zana. Chuo kinaweza kuwa na maelfu ya picha katika kompyuta zake, na bado mkufunzi akakosa hata moja ya kumsaidia katika kipindi cha kesho.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna tulivyochagua programu za kutusaidia katika kazi tatu: kuhamisha picha kutoka kwenye kamera, kuzipanga, na kuzigeuza ziwe katika umbo linalofaa kwa somo. Hatukusudii kumpigia debe mtengenezaji yeyote. Tunachotaka kuwaeleza walimu wenzetu ni kipimo tulichokitumia, kwa sababu programu huja na kupita lakini kipimo chema hudumu. Kipimo chenyewe ni swali moja: programu hii itakapokoma, au kompyuta hii itakapoharibika, je, mwalimu atakayekuja baada yetu ataweza bado kujua picha inaonyesha nini?

Picha isiyo na maneno

Yawezekana msomaji akaona kwamba swali hilo ni dogo. Hebu tutoe mfano. Katika picha za mazoezi ya kufundisha za miaka iliyopita, imo moja inayoonyesha ufito mrefu uliokatwa pengo baada ya pengo, na katika kila pengo kumefungwa uzi wa rangi yake. Mbele ya ufito huo wamesimama watoto watatu, nyuso zao zikionyesha dhahiri kwamba wamevutiwa na kazi. Kila tunapowaonyesha wanachuo picha hii hutokea ubishi mzuri. Wengine husema ni kifaa cha kufundishia vipimo vya urefu. Wengine husema ni cha sehemu. Wengine husema nyuzi zile ni miezi ya mvua na ya kiangazi. Aliyekitengeneza alikwisha kuhitimu zamani, na faili la picha halina neno lolote ila jina lililotolewa na kamera, yaani herufi nne na tarakimu nne.

Hasara iliyopo hapo si ya picha, maana picha ipo na ni safi. Hasara ni ya fikra za mwalimu yule. Alifikiri, akabuni, akajaribu mbele ya watoto, na yawezekana alifaulu. Lakini wanaomfuata hawana budi kuanza upya kana kwamba hakuwahi kuwapo. Chuo ambacho kila mwaka wanachuo wake hubuni vifaa, na kila mwaka vifaa hivyo husahauliwa, hakijilimbikizii ujuzi. Kwa hiyo uchaguzi wa programu ya picha, ambao waweza kuonekana kuwa ni kazi ya fundi wa kompyuta, kwa kweli ni sehemu ya mbinu za kufundishia, na yafaa wakufunzi wenyewe waushughulikie.

Kuhamisha

Kazi ya kwanza ni kuzitoa picha kwenye kadi ya kumbukumbu na kuziingiza katika kompyuta. Karibu kamera zote huweka picha katika folda iitwayo DCIM, kwa utaratibu uliokubaliwa na watengenezaji wa Japani mwaka 1998. Kwa utaratibu huo jina la picha huwa na herufi nne zikifuatwa na tarakimu nne. Kutokana na hayo, kamera ikishafika 9999 hurudi kwenye 0001, na kamera mbili za aina moja huweza kutoa majina yaliyo sawasawa. Wanachuo wawili wakimimina picha zao katika folda moja, picha ya mmoja yaweza kuifuta ya mwenzake. Basi sifa ya kwanza tuliyoitafuta ni programu kuweza kuzipa picha majina mapya wakati wa kuzihamisha, kwa kufuata tarehe ya kupigwa, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku. Mpangilio huo una faida ya kwamba kompyuta ikipanga majina kwa mfuatano wake wa kawaida, matukio nayo hujipanga yalivyofuatana.

Tarehe hiyo hutoka wapi? Kamera huiandika ndani ya faili lenyewe, katika sehemu ya maelezo iitwayo Exif, ambayo utaratibu wake ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995. Lakini kamera haijui saa ila ile iliyotegeshwa na mwenyewe. Mwanachuo mmoja alitegesha saa ya kamera kwa hesabu yetu ya Kiswahili, hata picha za kipindi cha saa tatu asubuhi zikaandikwa kuwa zimepigwa saa 03:00, yaani saa tisa usiku! Kwa kuwa tofauti ilikuwa ile ile ya saa sita kwa picha zote, programu nzuri iliweza kuzisahihisha zote kwa mkupuo. Hii ikawa sifa ya pili tuliyoitafuta.

Sifa ya tatu yahusu usalama. Programu nyingi hujitolea kufuta picha kwenye kadi mara zinapokwisha kunakiliwa. Mahali ambapo umeme waweza kukatika wakati wowote, huo ni msaada usiofaa. Sisi tumeweka kanuni kwamba picha hunakiliwa kwanza, hukaguliwa kwa idadi na kwa kufunguliwa, hunakiliwa tena kwenye diski ya pili, na kadi haifutwi hadi hayo yote yametimia.

Aidha, tumewaonya wanachuo kuhusu kuleta picha kwa njia ya WhatsApp. Njia hiyo ni nyepesi, lakini picha inayotumwa kwa kawaida hupunguzwa ukubwa, na maelezo ya Exif huondolewa. Hivyo tarehe ya kupigwa hupotea. Asiye na njia nyingine aitume kama hati badala ya kuituma kama picha, nayo hufika ilivyo.

Kupanga

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kupanga picha kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni kuziweka katika folda, na hiyo haihitaji programu ya pekee. Tumeamua folda za mwaka, na ndani yake folda za tarehe na shule. Sehemu ya pili ni kuandika maneno: maelezo ya picha pamoja na lebo za kutafutia, kama vile somo, darasa, mada na aina ya zana.

Mwalimu anapoandika maneno hayo katika programu, yaweza kuwekwa mahali patatu. Mahali pa kwanza ni ndani ya faili la picha, katika sehemu zilizotengwa kwa kazi hiyo na zinazosomeka na programu mbalimbali, yaani IPTC na XMP. Hii ya mwisho ilianzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 2001. Mahali pa pili ni katika faili dogo linalokaa kando ya picha. Mahali pa tatu ni katika kanzidata ya programu yenyewe, mbali na picha. Machoni pa mtumiaji njia zote tatu huonekana sawa: anaandika, anahifadhi, na kesho anayakuta maneno yake. Tofauti hudhihirika siku picha inapohamishwa kwenda kompyuta nyingine. Maneno yaliyomo ndani ya faili husafiri pamoja na picha. Yaliyo kando husafiri endapo aliyenakili amekumbuka kuyachukua. Yaliyo katika kanzidata hubaki yalipo.

Historia ya programu ya Picasa yatufundisha jambo hili. Picasa ilinunuliwa na kampuni ya Google mwaka 2004, ikatolewa bure, ikapendwa na watu wengi duniani kwa wepesi wake. Mwezi Machi 2016 Google iliacha kuiendeleza. Maelezo ambayo watumiaji waliandika chini ya picha za JPEG yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya mafaili, na hivyo yanasomeka hata leo kwa programu nyingine. Lakini mpangilio wa albamu na marekebisho ambayo hayajahifadhiwa kwenye picha yalikuwa katika mafaili ya Picasa yenyewe, na programu nyingine hazikuwa na wajibu wa kuyaelewa. Programu ni ile ile moja. Kilichosalimika ni kile kilichoandikwa ndani ya picha.

Kwa kuzingatia hayo, tulifanya jaribio ambalo chuo chochote kinaweza kulifanya kwa mchana mmoja. Tulichukua picha chache, tukaziandikia maelezo na lebo katika kila programu tuliyokuwa tukiipima. Kisha tukazinakili picha peke yake kwenye flashi, tukazipeleka kwenye kompyuta nyingine, tukazifungua kwa programu tofauti. Hatukuuliza programu ipi ina sura nzuri. Tuliuliza maneno yapi yamefika.

Programu tatu zilitufaa, kila moja kwa kazi yake. IrfanView, iliyoanza kutolewa mwaka 1996, ni ndogo na nyepesi mno, nayo hufanya kazi vizuri hata kwenye kompyuta za zamani zinazotumia Windows. Haina kanzidata ya kupangia picha. Lakini maelezo ya IPTC yanayoandikwa kwayo huingia ndani ya faili. XnView MP hufanya kazi kwenye Windows, Linux na kompyuta za Apple. Ina uwezo mkubwa wa kutazama na kugeuza picha nyingi kwa mkupuo, ila mafungu yake ya picha huwekwa katika kanzidata yake, na mtumiaji hana budi kuiamuru iyaandike pia ndani ya picha. digiKam, ambayo ni programu huria, ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi wa kupanga na kutafuta. Inapofunguliwa kwa mara ya kwanza humwuliza mtumiaji kama anataka maelezo yaandikwe ndani ya mafaili. Watu wengi hupita swali hilo bila kulisoma. Sisi twasema hilo ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake ni ndiyo.

Maelezo ya picha kama zoezi la ualimu

Baada ya kupata mahali salama pa kuweka maneno, tuligundua kwamba kazi ngumu zaidi ni maneno yenyewe. Wanachuo wanapotakiwa kuandika maelezo, aghalabu huandika hivi: "Wanafunzi wakijifunza Hisabati." Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayana faida. Mtu yeyote aonaye darasa angeweza kuyasema.

Tukawataka wajibu maswali manne katika sentensi mbili au tatu: Ni kitu gani kinachoonekana? Kimetengenezwa kwa nini? Kilikusudiwa kumsaidia mtoto aelewe nini? Na kilipotumiwa, ilikuwaje? Mwanachuo yule yule akaandika hivi: "Vizibo vya chupa vimefungwa kumi kumi kwa waya, na vingine vimeachwa kimoja kimoja. Watoto wa darasa la pili wanavitumia kutambua makumi na mamoja. Wengi walifaulu, ila waliokaa nyuma hawakuvipata vya kutosha, wakawa watazamaji." Hapana shaka msomaji aona tofauti. Sentensi ya mwisho ni tathmini ya somo, na imeandikwa na mtu ambaye juma lililotangulia alitujazia daftari la tathmini kwa maneno "somo lilikwenda vizuri" bila kuongeza jambo.

Kwa nini picha ilimfungua kauli? Kwa maoni yetu ni kwa sababu picha haimruhusu mtu kusema kwa jumla. Watoto wa nyuma wanaonekana, na mikono yao ni mitupu. Mwanachuo aliyekwisha kuliona hilo kwenye picha hana budi kulisema. Kwa hiyo siku hizi hatuhesabu uandishi wa maelezo kuwa ni kazi ya ukarani inayofuata baada ya mazoezi. Tumeufanya kuwa sehemu ya mazoezi yenyewe. Kila mwanachuo huchagua picha tano tu kati ya zote alizopiga, huziandikia maelezo, na huyatetea mbele ya wenzake. Zisizochaguliwa hubaki kwenye folda zao za tarehe, wala hatujisumbui nazo. Uchaguzi nao ni funzo, maana kuacha picha mia na kubakiza tano kwataka mtu ajue anatafuta nini.

Kugeuza

Kazi ya tatu tutaieleza kwa ufupi. Kamera yenye pikseli 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo hutoa picha ya pikseli milioni 24. Kila pikseli ikiwa na baiti tatu za rangi, picha nzima ingehitaji megabaiti 72. Umbizo la JPEG, ambalo kiwango chake kilikubaliwa mwaka 1992, hupunguza uzito huo mara nyingi kwa kutupa yale ambayo jicho halitayakosa sana. Jambo la kukumbuka ni kwamba kinachotupwa hakirudi, na kila mara picha inaporekebishwa na kuhifadhiwa upya kama JPEG, kingine hutupwa. Kwa sababu hiyo kanuni yetu ni kwamba picha ya asili haiguswi ila kwa kuongezewa maneno. Kila ugeuzaji hufanywa kwenye nakala iliyowekwa katika folda nyingine.

Picha ya kuonyeshwa kwa projekta haihitaji ukubwa ule wote. Upana wa pikseli 1,600 watosha, na faili aghalabu huwa chini ya megabaiti moja. Picha ya kuchapwa kwa sentimita 15 kwa 10 yatosha ikiwa na pikseli kama 1,800 kwa 1,200. Programu zote tatu tulizozitaja huweza kupunguza folda nzima kwa amri moja. Mwalimu na ahakikishe tu kwamba amechagua maelezo yahifadhiwe katika nakala, maana baadhi ya programu huweza kuyaacha.

Simu za iPhone nazo, tangu mwaka 2017, zimekuwa zikihifadhi picha katika umbizo la HEIC, ambalo huchukua nafasi ndogo kuliko JPEG lakini halifunguki kwenye kompyuta nyingi za zamani. Picha hizo tunazigeuza kuwa JPEG na kuzitunza zile za asili pia. Ama picha ghafi ambazo kamera kubwa huweza kutoa, kila kampuni kwa umbizo lake, hizo tumewaachia wapiga picha wa kazi. Kwa matumizi ya darasani JPEG yatosha.

Gharama, na hadhari juu ya watoto

Zipo programu nzuri za kulipia. Lightroom 6 ya Adobe, iliyotolewa mwaka 2015, ilikuwa ya mwisho katika mfululizo huo kununuliwa kwa malipo ya mara moja. Zilizofuata ni za kulipia kila mwezi au kila mwaka. Chuo hakiwezi kuweka kumbukumbu zake katika kitu kinachotegemea fedha ambayo mwaka ujao huenda isipatikane. Hifadhi za intaneti nazo hubadili masharti. Google Photos, kwa mfano, iliacha kupokea picha bila kikomo kwa bure tarehe 1 Juni 2021. digiKam ni ya bure kwa wote. IrfanView na XnView MP ni za bure kwa matumizi ya elimu. Hata hivyo, hatukuzichagua kwa ubure wake tu, bali kwa sababu hakuna malipo yatakayotuzuia kuzifikia kazi zetu wenyewe.

Jambo jingine haliwezi kuachwa. Katika picha hizi wamo watoto wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023, imetukumbusha wajibu ambao hata bila sheria ungetupasa. Ruhusa huombwa kwa mwalimu mkuu na wazazi. Katika maelezo tunaandika darasa na kazi, wala hatuandiki majina ya watoto. Tena, simu nyingi huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Habari hiyo huondolewa kwa programu kabla ya picha kutoka nje ya chuo. Yule yule anayesisitiza kwamba maneno yakae ndani ya picha hana budi kujua kwamba yapo maneno ambayo yapasa yasikae humo.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba uchaguzi wa programu ya picha hauanzi na programu, bali huanza na swali la nani atakayezihitaji picha hizo na atahitaji kujua nini. Walimu wenzetu watakaotaka kujaribu wanaweza kuanza na kompyuta moja, programu moja ya bure, na picha tano kwa kila mwanachuo. Waandike maelezo, wazinakili picha kwenye flashi, wazifungue kwa programu nyingine, na waone kama maneno yamefika. Yakifika, programu inafaa, hata ikiwa sura yake si ya kuvutia. Yasipofika, yafaa waiache mapema, kabla hawajaijaza kazi ya miaka. Tungefurahi kusoma katika kurasa hizi matokeo ya vyuo vingine, hasa maswali ambayo wakufunzi wanawauliza wanachuo wanapoandika maelezo ya picha. Maana hayo manne ya kwetu hatudhani kuwa yametosha.